Moshi mweusi mlimani: kuongeza nguvu ya injini ya dizeli yenye turbo bila kuiunguza

*"Nina lori na tela lake, jumla yapata tani 30 likiwa na mzigo. Injini ni ya silinda sita, lita 11, ina turbo na intakula (kipoza hewa ya turbo). Pampu ya dizeli ni ile ya zamani isiyo na kompyuta. Lilikuwa linachoka sana mlimani. Fundi akafungua skrubu ya pampu karibu mzunguko mzima na sasa linavuta vizuri, ila linatoa moshi mweusi mlima wote. Nimefunga geji ya joto la ekzosi, kihisi chake kiko kwenye bomba baada ya turbo, na mlimani inasoma 560. Joto la maji halijawahi kupita 92. Fundi mwingine anasema dawa ya moshi ni kukaza fimbo ya wastegeti ili turbo isukume zaidi. Kuna na mtu ananiuzia kisanduku cha chipu. Je, 560 ni salama? Nimsikilize nani, na nifunge geji gani nyingine?"*

Nianze na jibu unalolisubiri: hapana, kwa jinsi ulivyoeleza, usilipandishe lori hilo mlima mrefu kwa mafuta yote, yaani kanyagio likiwa sakafuni. Namba 560 yenyewe haina ubaya. Ubaya uko mahali inaposomwa. Moshi ukipita kwenye turbo huacha humo sehemu ya joto na presha yake, kwa sababu hiyo ndiyo nguvu inayoizungusha. Injini ikiwa na kazi nzito, tofauti ya joto kabla na baada ya turbo huwa nyuzi 100 hadi 200, na haikai palepale: hupungua injini ikiwa na kazi nyepesi na huongezeka kazi ikizidi. Kwa hiyo 560 yako inaweza kuwa 660 kwenye manifodi (bomba linalokusanya moshi wa silinda kabla ya turbo), kiasi kinachovumilika. Inaweza pia kuwa 760, na hapo unaunguza injini huku geji ikikupa moyo. Moshi mweusi wa mlima mzima unanifanya nishuku hiyo ya pili. Mpaka upime upya, mwambie fundi aurudishe mzunguko alioufungua. Ndiyo, lori litachoka tena, lakini huo uchovu una sababu yake na nadhani haijatafutwa.

Kuna jambo ambalo madereva wengi hulichukua kutoka kwenye gari za petroli na kulipachika kwenye dizeli, nalo ni kwamba mafuta mengi hupoza injini na mafuta machache huiunguza. Kwenye dizeli ni kinyume. Injini ya dizeli huvuta hewa yote inayoweza kuipata, na nguvu huamuliwa na kiasi cha mafuta kinachopulizwa ndani ya hewa hiyo. Mafuta yakiongezwa, joto linaongezeka, basi. Kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote kwenye hesabu za karatasi. Ndani ya silinda, ambako mafuta hupewa sekunde ndogo mno kuchanganyika na hewa, injini huanza kutoa moshi unaoonekana hata kabla ya kufika hapo, hewa ikiwa bado ni kilo 18 hadi 20 kwa kila kilo ya mafuta. Moshi mweusi, basi, ni kaboni ya dizeli uliyoinunua ikakosa hewa ya kumalizia kuungua. Fundi anayekwambia moshi mweusi ni dalili ya nguvu anakosea: ule ni ushahidi kwamba mafuta ya mwisho uliyoyaongeza yameleta joto na masizi zaidi ya yalivyoleta nguvu.

Joto hilo hupiga wapi? Pistoni za malori mengi ni za aloi ya alumini. Alumini tupu huyeyuka kwa nyuzi 660, lakini aloi za pistoni huanza kulainika mapema kuliko hapo, na nguvu yake hupungua sana ikishapita nyuzi 300 na kitu. Pistoni huokolewa na vitu viwili: ringi, zinazopitisha joto kwenda kwenye ukuta wa silinda, na oili inayorushwa chini yake kutoka kwenye vijibomba vidogo. Geji ya ekzosi haipimi joto la pistoni; inapima joto la moshi unaotoka, na kwa huo tunakisia pistoni inapokea kiasi gani. Muda nao una uzito mkubwa hapa. Nyuzi 730 kwa sekunde kumi ukilipita gari lingine hazifanyi kile ambacho nyuzi 730 kwa dakika kumi za mlima hufanya, kwa sababu chuma na alumini huhitaji muda kujaa joto. Ndiyo maana injini nyingi zilizofunguliwa mafuta hupita majaribio ya fundi kwenye barabara tambarare vizuri kabisa, halafu zinakufa safarini.

Na geji ya maji? Hiyo 92 haikuambii kuhusu hatari hii. Maji huchelewa kwa dakika kadhaa nyuma ya moto wenyewe, na rejeta nzuri inaweza kuyaweka kwenye 92 wakati vichwa vya pistoni vinaanza kupasuka. Ukiona maji yamepanda kwa ajili ya mafuta ya ziada, joto la ekzosi lilishapanda zamani.

Basi hatua ya kwanza kabisa ni kuhamisha kihisi. Kiweke kwenye manifodi ya ekzosi, pale mikono ya silinda inapokutana, sentimita 3 hadi 5 kabla ya flanji ya turbo, ncha yake ikifika katikati ya mkondo wa moshi. Manifodi nyingi za injini za silinda sita zimegawanywa ndani na ukuta, silinda tatu za mbele upande mmoja na tatu za nyuma upande wa pili. Kihisi kimoja hapo kitasoma nusu ya injini tu. Kama unaweza, funga viwili; kama huwezi, pima kwanza kwa kipimajoto cha kuelekeza (kile kinachopima bila kugusa) ujue upande upi ni wa moto zaidi, utoboe huo. Fundi aing'oe manifodi kabla ya kutoboa. Najua ni kazi na gasketi mpya, na wengi hutoboa ikiwa mahali pake wakipaka grisi kwenye drili. Lakini chembe moja ya chuma ikiingia kwenye bawa la turbo linalozunguka karibu mara laki moja kwa dakika, gasketi itaonekana bei rahisi.

Kihisi chenyewe ni themokapo, yaani waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, na ina masharti yake. Usiunganishe waya wake na waya wa kawaida wa shaba ili ufike kwenye dashibodi, kwa sababu kila kiungo cha metali tofauti huzaa volti yake ndogo na geji itasoma uongo. Tumia waya wa aina ileile ya kihisi. Ukiona namba inashuka kadiri injini inavyopata moto, waya mbili zimebadilishana.

Ukishapima mahali sahihi, namba za kuishi nazo kwa injini kama yako ni hizi. Chini ya nyuzi 600, endesha bila wasiwasi. Kati ya 600 na 680 injini inafanya kazi nzito na inaweza kuifanya kwa muda mrefu ikiwa oili na upozaji viko sawa. Mimi ningeweka 680 kuwa dari ya mlima mrefu. Ikifika 700 toa mguu kidogo na ushushe gia. Ikifika 750 umeshavuka, punguza mara moja. Ikiwa mtengenezaji wa injini yako ametoa kikomo cha chini ya hapo, fuata chake.

Sasa turudi kwenye swali ambalo fundi wa kwanza hakuliuliza: kwa nini lori lilikuwa linachoka? Injini ya lita 11 yenye turbo na intakula ilitoka kiwandani ikiweza kuvuta tani hizo. Ikishindwa, mara nyingi kuna kitu kimeziba, kinavuja au kimechakaa, na kufungua skrubu ni kuongeza mafuta juu ya ugonjwa.

Anzia kwenye kitu kidogo kinachosahaulika sana. Pampu nyingi za injini zenye turbo zina kifuniko chenye diaframu ya mpira, na kijibomba chembamba hukiunganisha na manifodi ya hewa. Kazi yake ni kuiambia pampu kwamba presha ya turbo imefika, sasa ongeza mafuta. Kijibomba hicho kikipasuka au kikiziba kwa masizi, au diaframu ikitoboka, pampu hudhani turbo haijaanza kazi na hubaki kwenye mafuta ya chini siku zote. Dalili yake ni hiyohiyo uliyoieleza: lori linachoka mlimani. Kuipima ni kazi ya dakika chache. Chomoa kijibomba upande wa pampu, weka pampu ya mkono yenye geji, jaza hadi karibu bar 0.7 na usubiri dakika moja. Sindano ikishuka, diaframu imekwisha. Kisha puliza kijibomba chenyewe uone kama hewa inapita mpaka mwisho.

Halafu fuata njia ya hewa. Funga geji ya presha ya turbo kwenye manifodi ya hewa, baada ya intakula, na ulinganishe na kiwango kilichoandikwa kwa injini yako. Pungufu ya bar 0.2 au 0.3 ni hewa inayopotea mahali fulani. Intakula hupimwa ikiwa imefunguliwa mipira, imezibwa pande zote mbili na kujazwa hewa hadi bar 2. Ikipoteza zaidi ya bar 0.5 ndani ya sekunde 15, ina mpasuko unaohitaji kuzibwa. Vizibo hivyo vifungwe kwa mnyororo, na mtu asisimame mbele yake, kwa maana kikichomoka huruka kama risasi. Mipira na klipu zipake maji ya sabuni. Kwenye filta ya hewa, usitegemee macho: pima mfyonzo kati ya filta na turbo injini ikiwa kwenye mafuta yote, na ukizidi takriban milibari 60, filta imekwisha hata kama inaonekana safi.

Upande wa moshi, angalia kipepeo cha breki ya ekzosi. Kikinata nusu njia, moshi hauna pa kutokea, turbo inazubaa, na joto kwenye manifodi linapanda huku lori likiwa zito. Watu wameshabadilisha turbo nzima kwa ajili ya kipepeo hicho. Turbo yenyewe, ichunguze injini ikiwa imezimwa na imepoa: ukiutikisa mhimili wake juu na chini utachezacheza kidogo, hilo ni kawaida kwa bushi zinazoelea kwenye oili, lakini bawa lisiguse ukuta, na ukiusukuma mbele na nyuma usihisi mchezo wowote wa maana.

Mwisho, mafuta. Filta ya dizeli iliyoziba, pampu ndogo ya kusukuma dizeli iliyochoka, au springi ya valvu ya marejeo iliyolegea hufanya pampu kubwa ifanye kazi na njaa. Presha ya dizeli inayoingia pampuni ipimwe lori likiwa na mzigo. Likiwa limesimama linaunguruma tu, hata filta mbovu hupita mtihani. Nozo (vinyunyizio vya dizeli) zipelekwe kwenye mashine ya kupimia. Nozo inayodondosha badala ya kunyunyiza hutoa moshi mweusi, na pia huosha oili kwenye ukuta wa silinda na kula ringi. Wakati huohuo pangeni nafasi za valvu. Kama mna kile kipimajoto cha kuelekeza, pimeni mdomo wa kila silinda kwenye manifodi injini ikiwa imetoka kufanya kazi: silinda iliyopishana na wenzake kwa nyuzi 50 au zaidi ndiyo ya kuanzia.

Huenda ukimaliza haya lori likavuta bila skrubu kuguswa. Hutokea mara nyingi kuliko mafundi wa pampu wanavyopenda kukiri.

Kuhusu fundi wa pili na fimbo ya wastegeti. Wastegeti ni kijivalvu kinachopitisha moshi pembeni ya gurudumu la turbo presha inapofika kiwango kilichowekwa. Ukiikaza, turbo huzunguka zaidi kabla ya valvu kufunguka. Kimantiki hewa inaongezeka, moshi unapungua, na kwa kiasi kidogo ni kweli. Lakini hewa ikikandamizwa hupata moto. Hewa ya nyuzi 30 ikikandamizwa hadi mara tatu ya presha ya nje, yaani geji ikisoma karibu bar 2, hutoka hata kwenye turbo isiyo na ubovu ikiwa karibu nyuzi 190. Intakula inabidi iishushe hadi 50 au 60 kabla haijafaa. Ukiisukuma turbo nje ya eneo lake, kila hewa ya ziada hutoka ya moto zaidi, intakula inazidiwa, na moshi unarundikana kwenye manifodi kwa sababu gurudumu la moshi limekuwa dogo kwa kazi hiyo. Kipimo kizuri, kama fundi ana vifaa, ni kulinganisha presha ya manifodi ya ekzosi na ya manifodi ya hewa. Zikikaribiana, turbo inapumua. Ya ekzosi ikifika mara moja na nusu ya ile ya hewa au zaidi, turbo imekwisha uwezo na kukaza fimbo ni kuikimbiza kwenye kifo. Na kabla ya yote, huijui presha yako ya sasa, kwa hiyo hakuna anayeweza kukwambia uikaze kiasi gani.

Kisanduku cha chipu tukimalize haraka. Vile visanduku hudanganya kihisi cha presha ya dizeli kwenye injini zenye kompyuta, ili kompyuta iongeze mafuta bila kujua. Pampu yako haina kompyuta. Hakuna mahali pa kukichomeka. Anayekuuzia ama hajui lori lako ama anajua vizuri sana. Hata mwenye injini ya kompyuta angefanya vizuri zaidi kurekebishiwa programu yenyewe na mtu anayepima kwa mashine, kwa kuwa programu iliyorekebishwa vizuri bado hulinda mipaka ya moshi na joto, na kisanduku huifumba macho. Mwenye injini ya namna hiyo asilegeze kamwe bomba la dizeli injini ikiwa inaunguruma ili "kusikiliza silinda". Presha humo hupita bar 1,600 na mchirizi wake huingia chini ya ngozi. Tundu ni dogo na haliumi sana mwanzoni, lakini ni jambo la kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Kuna hila ya tatu ambayo hukuitaja lakini utaambiwa: "tukiwahisha timingi joto litashuka." Litashuka kweli. Mafuta yakipulizwa mapema huungulia ndani ya silinda zaidi, moshi hutoka umepoa na geji inapendeza. Lakini presha ya juu kabisa ndani ya silinda hupanda, nayo hubebwa na gasketi ya hedi, boliti zake, konrodi na beringi. Geji ya ekzosi haioni hayo. Timingi ibaki kwenye alama ya kiwanda, labda kama injini inarekebishwa yote kwa pamoja na mtu mwenye vipimo vyake.

Tuseme umeshatibu magonjwa, geji ya ekzosi iko kabla ya turbo, geji ya presha ipo, na bado unataka nguvu kidogo. Hapo skrubu ina nafasi yake, kwa utaratibu. Chagua mlima mmoja, mzigo uleule, gia ileile, na anza na pampu ilivyo. Panda kwa mafuta yote kwa dakika tatu au nne na mwache mtu aliyekaa pembeni, si wewe dereva, aandike mizunguko ya injini, presha ya turbo, joto la ekzosi, maji, na rangi ya moshi. Hizo ndizo namba zako za msingi. Piga alama kwenye skrubu na kwenye mwili wa pampu, hakikisheni kwenye maelekezo ya pampu hiyo ni upande upi unaoongeza, maana hutofautiana, kisha geuza moja ya nane ya mzunguko na ukaze nati yake. Rudi mlimani uleule. Kila mara mkigusa, pimeni pia mizunguko ya juu injini ikiwa haina mzigo. Isipite ile ya kiwandani.

Kinachotakiwa kuonekana ni hiki: mafuta yakiongezeka, moshi una nguvu zaidi, turbo inazunguka zaidi, presha inapanda na joto linapanda kidogo. Ikifika mahali umeongeza mafuta, joto limeruka nyuzi 30 au 40 na presha haikusogea, turbo imefika mwisho wake. Rudisha hiyo moja ya nane na ufunge. Hivyo hivyo ukifika 680 kwenye mlima mrefu, au moshi ukianza kuonekana wazi baada ya presha kujaa. Mzunguko mzima aliofungua fundi wako ni hatua nane za namna hii zilizorukwa kwa mkupuo.

Moshi nao usomwe kwa wakati wake. Ukitoka kwa nguvu unapokanyaga tu kisha ukasafika sekunde mbili baadaye, ni ile diaframu inayowahisha mafuta kabla ya hewa, na hurekebishwa hapo kwenye diaframu, si kwenye skrubu kuu. Ukibaki mweusi huku presha ya turbo imejaa, ni mafuta mengi au hewa pungufu.

Ila piga hesabu kabla hujahangaika. Tani 30 kwenye mlima wa asilimia 6 kwa kilomita 30 kwa saa hutaka karibu kilowati 147 kwa kuinua uzito peke yake, na kama 17 za msuguano wa matairi: jumla yapata 165, au nguvu farasi 220 kwenye magurudumu. Ukiongeza asilimia 10, ambayo ndiyo ongezeko la busara kwa injini nzima yenye pampu na turbo ya kiwandani, utapanda kwa 33 badala ya 30. Kwenye mlima wa kilomita 10 umeokoa chini ya dakika mbili. Mwenye malori anayelipwa kwa safari huenda akaona inafaa. Wengine wanapata zaidi wakibadili uwiano wa difu: nguvu haiongezeki, lakini injini huacha kulemewa kwenye mizunguko ya chini, na joto hushuka lenyewe. Turbo kubwa, nozo kubwa na intakula kubwa kwa pamoja huleta nguvu ya kweli, ila hapo klachi ndiyo huanza kuteleza, ifuatiwe na giaboksi iliyotengenezwa kwa nguvu nyingine, na breki hazijaongezeka hata kidogo. Mahali pengi moshi mweusi ni kosa barabarani, na bima inaweza kukataa kulipa ikiwa injini imebadilishwa bila kuitaarifu.

Geji nyingine za kufunga: baada ya ekzosi na presha ya turbo, weka presha ya oili yenye namba, si taa. Injini ikiwa ya moto na iko kwenye mizunguko ya kazi utarajie bar 3 au zaidi, na ikiunguruma tu isishuke chini ya bar 1. Oili ndiyo inayopoza pistoni na turbo kwa pamoja. Joto la oili ni la nne ukipata nafasi. Nyingine ni mapambo.

Uendeshaji una mchango mkubwa kuliko skrubu. Joto baya zaidi hutokea dereva anapong'ang'ania gia kubwa, injini imeshuka chini ya mizunguko 1,200 na kanyagio liko sakafuni: turbo haina mwendo wa kuleta hewa, mafuta ni yote. Shusha gia mapema injini ifanye kazi kwenye 1,500 hadi 1,700 na utaona sindano ikirudi nyuma kwa nyuzi 50 au zaidi, lori likienda kasi ileile. Kwenye nyanda za juu tarajia joto zaidi kwa mafuta yaleyale, kwa kuwa kila mita 1,000 za mwinuko huondoa karibu asilimia 10 ya hewa. Na ukisimama baada ya mlima, usizime. Acha injini iungurume dakika mbili au tatu mpaka geji ishuke chini ya 200. Ukizima papo hapo, oili iliyobaki kwenye beringi za turbo hupikwa ikawa makaa.

Acha kurekebisha na upeleke lori kwa mtaalamu aliyeshika vifaa ukiona yoyote kati ya haya: oili inaongezeka kwenye kijiti na inanuka dizeli, povu au mapovu kwenye tangi la maji injini ikiwa na mzigo, moshi unaopuliza kwa nguvu kwenye mdomo wa oili, mlio wa king'ora kwenye turbo ambao haukuwepo, moshi wa bluu. Huo wa bluu usiuchukulie kwa mzaha. Sili ya turbo ikikatika, injini inaweza kuanza kujilisha oili yake na kupanda mizunguko yenyewe, na kuzima ufunguo au kukata dizeli hakutaisimamisha. Likitokea lori likiwa limesimama, weka gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu zote na uachie klachi ili injini ife. Ikishindikana, mdomo wa hewa unaweza kuzibwa kwa ubao mnene bapa, kamwe si kwa mkono wala kitambaa. Na kama injini imeshapiga kelele za kupasuka, watu wakae mbali.

Kwa pampu yako mahususi, nisingependa ibaki kwenye makisio ya skrubu. Ikipelekwa kwenye benchi la kupimia, kila tundu la silinda hupimwa linatoa mafuta kiasi gani, na fundi anaweza kuirudisha kwenye karatasi ya kiwanda au kuiongeza kwa kiasi mnachokubaliana, silinda zote sita zikiwa sawa. Gavana (kidhibiti cha mizunguko kwenye pampu) asiguswe nje ya benchi hilo. Nenda na namba iliyoandikwa kwenye kibao cha pampu, namba ya injini, na namba zako za mlimani: mizunguko, presha na joto kabla ya turbo. Mwambie pia wazi kwamba skrubu ilifunguliwa mzunguko mmoja, ili asianze kutafuta ugonjwa ambao aliutengeneza mwenzake.